Karata Si Uchawi, na Video Si Mwalimu

Vijana wenzangu wa Nakivale, Kyangwali, Kakuma, Nyarugusu na popote mlipo, pamoja na ninyi kaka na dada wa mashirika mnaotusoma kimyakimya, leo naandika juu ya kitu ambacho wengi mtakiona cha kipuuzi: mazingaombwe ya karata. Tena yale ya karibu, ya kufanyia mezani au juu ya mkeka, watu wamekuzunguka na macho yao yako hatua moja tu kutoka kwenye vidole vyako. Hakuna jukwaa, hakuna moshi, hakuna sanduku. Ni karata 52, mikono yako na maneno yako.

Ninachosema ni hiki: kijana wa kambini anayejifunza ufundi huu kutoka kwenye kitabu hapotezi muda. Wanaomzuia ndio wanaompotezea. Na wanaomzuia wako wa aina tatu. Wapo wazee na wachungaji wanaosema ni uchawi na kamari. Wapo watu wa mashirika wanaosema hiyo si stadi ya maisha. Halafu tupo sisi vijana wenyewe tunaosema, eti kitabu cha nini wakati video zimejaa? Nitawajibu wote, kwa heshima lakini bila kuzunguka.

Kwanza, wazee wetu.

Baba zangu na mama zangu, mnaogopa kwamba kijana akicheza kiini macho atafungua mlango wa shetani. Naomba mjue jambo moja la historia. Mwaka 1584 Mwingereza mmoja, Reginald Scot, alitoa kitabu kinachoitwa The Discoverie of Witchcraft. Wakati ule kwao watu walikuwa wanashtakiwa uchawi na kunyongwa, na wengi wao walikuwa wanawake wazee na maskini. Scot alichoshwa na jambo hilo. Akaandika kitabu kirefu kupinga, na ndani yake akaeleza waziwazi jinsi wacheza kiini macho wanavyofanya na vijipira, sarafu na karata. Alitaka msomaji aone kwamba jambo la ajabu linaweza kufanywa na mkono wa binadamu uliofanya mazoezi, basi. Ni moja ya vitabu vya zamani kabisa vya Kiingereza kueleza mbinu hizo, na kiliandikwa ili watu wasiuawe bure.

Sasa niambieni, nani kati yetu hajui neno "mchawi" linaweza kumfanyia nini mama mzee asiye na mtoto wa kumtetea? Mtoto wa jirani anaumwa, jina linatajwa, na ikifika jioni watu wameshakusanyika. Tumekimbia vita, lakini neno hilo tumelibeba pamoja na masufuria. Kijana anayejua mkono unavyoweza kudanganya jicho ni mgumu kuchochewa. Akiletewa mtu anayedai kutoa msumari mwilini mwa mgonjwa, kwa malipo, yeye hatazami msumari. Anauliza: kabla ya kuutoa, ule mkono mwingine ulikuwa wapi? Swali hilo moja linaokoa pesa, na siku nyingine linaweza kuokoa mtu.

Mtasema, sawa, si uchawi, lakini karata ni kamari. Bon, tuongee kamari. Mnajua pata potea. Siku ya mgao, au siku pesa zinapoingia kwenye simu, utamkuta bwana mmoja na karata tatu juu ya boksi, na watu wamemzunguka. Kijana anaingia na pesa ya mafuta na sabuni ya nyumbani, anatoka mikono mitupu. Tunamwambia nini? Tunamwambia "usicheze, ni dhambi." Na mwezi ujao anarudi, kwa sababu aliona mtu mwingine akishinda na anaamini yeye alikosa bahati tu.

Hakukosa bahati. Mchezo wenyewe hauna bahati ndani yake. Mchezeshaji anashika karata mbili kwa mkono mmoja, moja juu ya nyingine, na ya tatu kwa mkono wa pili. Anapotupa, macho yako yanaamini ile ya chini ndiyo inaanguka kwanza. Mara za mwanzo inaanguka kweli ya chini, ili ujizoeze kumfuata. Pesa yako ikishakuwa mezani, anatupa ya juu kwa mwendo uleule, na wewe unaendelea kuifuata karata isiyokuwa yako. Na yule aliyeshinda mbele yako ni mwenzake. Mbinu hii imeandikwa tangu 1902, katika kitabu kilichotolewa Chicago na mtu aliyejiita S. W. Erdnase, kinaitwa The Expert at the Card Table. Hadi leo watu wanabishana jina lake halisi lilikuwa nani. Zaidi ya miaka 120 siri iko kwenye karatasi, na sisi bado tunaliwa. Mahubiri hayajaizuia pata potea. Mkutano mmoja wa vijana, mmoja wetu akaonyesha polepole ule mtupo wa karata ya juu, utafanya kazi kuliko makatazo kumi.

Pili, vijana wenzangu na video zenu.

Nazipenda video. Lakini video ya dakika moja inakuonyesha matokeo, haikufundishi kazi. Unaona karata inabadilika, unarudisha nyuma, unaona tena, bando linaisha, na mkono wako bado haujui lolote. Zaidi ya hapo, unamwiga mtu mwenye vidole virefu kuliko vyako, anayeongea maneno ambayo kwenu hayachekeshi. Ndiyo maana tukikutana vijana kumi waliojifunza kwenye simu, wote kumi wana mchezo mmoja, mzaha mmoja, na wote wanaukosea mahali pamoja.

Kitabu kina tabia nyingine. Kinakulazimisha ujenge jambo kichwani kabla mkono haujalifanya. Kinasema: pakiti iko mkono wa kushoto, kidole gumba hapa, cha shahada pale, kidole cha mwisho kishike nafasi ndogo ambayo mtazamaji haioni. Unasoma mstari mmoja, unaweka kitabu chini, unajaribu, karata zinamwagika, unasoma tena. Ukiuelewa vibaya mstari, huhitaji mwalimu akuwekee alama ya kosa. Karata zikianguka umeshajibiwa.

Chukueni kitabu cha Jean Hugard na Frederick Braue, The Royal Road to Card Magic, cha miaka ya 1940. Hakianzi na maajabu. Kinaanza na kuchanga karata, kuchanga kule kwa kawaida ambako kila mtu anadhani anakujua. Kila sura inakupa mbinu moja, halafu michezo inayotumia mbinu hiyo, ili usonge mbele ukiwa tayari una kitu cha kuonyesha watu. Mwalimu mzuri hufanya hivyohivyo.

Nitoe mfano wa mbinu inayofundishwa kwenye vitabu vyote vya wanaoanza, ile ya karata ya alama. Baada ya kuchanga, unaiona kwa siri karata ya chini kabisa. Tuseme ni saba ya kopa. Mtu anachagua karata yake, anaiangalia, anaiweka juu ya pakiti. Unakata pakiti mara moja: nusu ya chini inapanda juu, na saba yako ya kopa inakaa kichwani pa karata yake. Sasa gawa karata moja moja, uso juu, ukianzia juu. Ukiiona saba ya kopa, inayofuata ndiyo ya huyo mtu. Hiyo tu. Mtoto wa miaka tisa anaielewa.

Lakini hapa ndipo kitabu kinaishinda video. Kitabu kizuri kitakuambia usisimame hapo. Endelea kugawa, ipite karata yake kana kwamba umekosea, mwache afurahi kwamba umeshindwa, halafu umwambie karata utakayogeuza inayofuata ni yake. Yeye anatazama karata iliyo mkononi mwako. Wewe unarudi kwenye zile za mezani na kugeuza ya kwake. Siri ilikuwa ya dakika moja. Kujua lini unyamaze, lini umtazame usoni, lini umwache aamini amekushika, huko ndiko kazi ya miezi iliko. Na kazi hiyo inakufundisha watu kuliko karata.

Najua mtasema vitabu viko kwa Kiingereza. Kweli kabisa, na wengi wetu tumetoka kwenye shule za Kifaransa au hatukumaliza shule yoyote. Mimi naona hiyo ni sababu ya kuvifungua. Kiingereza cha darasani tunakariri tukasahau. Kiingereza cha kitabu cha karata unakifanya kwa vidole, na neno lililopita kwenye kidole halitoki upesi. Kaeni watatu: mmoja asome, mmoja atafsiri kwa Kiswahili, mmoja afanye kwa mikono. Msianze na Erdnase kwa sababu tu ni cha zamani na kinapatikana bure. Kiingereza chake ni kizito na kitawakatisha tamaa. Kiwekeni cha mwaka wa pili.

Na asiniambie mtu kwamba ufundi huu unataka mikono mizima na maisha mazuri. René Lavand wa Argentina alipoteza mkono wa kulia akiwa na miaka tisa. Mbinu za vitabuni ziliandikwa kwa watu wa mikono miwili, kwa hiyo ilimbidi azifikirie upya zote kwa mkono mmoja wa kushoto. Akawa mmoja wa mabingwa wa karata wanaoheshimiwa duniani, na akatembea nchi nyingi akionyesha kazi yake. Tunao kambini wenzetu waliokatwa mikono na vita. Sisemi karata zitawarudishia kitu. Nasema tusiwafungie mlango ambao mwenzao alishaupita.

Tatu, ninyi wa mashirika.

Ndugu zetu, tunashukuru kwa cherehani, sabuni na mafunzo ya ususi. Lakini kila mradi wa kujikimu unaleta mambo yaleyale, kana kwamba mkimbizi amezaliwa fundi wa sabuni. Mkiulizwa juu ya karata mnasema haziingizi kipato. Ni kweli, na sitawadanganya: karata hazitajaza sufuria, hazitampa mtu kibali cha kazi, hazitaharakisha faili la mtu yeyote. Naomba pia msije mkaandika kwenye ripoti kwamba karata zinaponya kiwewe. Hatujaomba hilo.

Tunachosema ni kingine. Maisha ya mkimbizi ni kuulizwa. Jina, tarehe, ulipita njia gani, nani alikuwa nawe, rudia tena. Sisi ndio tunaopanga foleni na kungoja jibu la mtu anayejua tusichokijua. Kwenye mkeka wa karata mambo yanageuka: kwa dakika tano, wewe ndiye unayejua, na wengine ndio wanaosubiri. Kijana wa miaka 19 anahitaji hilo mara moja moja, na hakuna fomu inayolipima.

Na kujua mbinu ni nguvu, wakubwa wamelielewa zamani. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Jean-Eugène Robert-Houdin, fundi saa aliyegeuka mwanamazingaombwe, kwenda Algeria waliyokuwa wanaitawala. Kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wakuu wa Waarabu kwamba maajabu ya Mfaransa yanazidi ya viongozi wao wa dini. Akaleta kisanduku ambacho mtu mwenye nguvu alishindwa kukiinua. Chini palikuwa na sumaku ya umeme. Wale watazamaji hawakuwa wajinga, ila mbinu ilikuwa upande mmoja tu. Na huyohuyo Robert-Houdin anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba aliingia kwenye fani kwa sababu muuza vitabu alimkosea: alitaka vitabu vya saa, akapewa vya mazingaombwe. Kitabu kimoja kilichofika mkononi mwa kijana kikafanya yote hayo. Fikirini ni vitabu gani mnaweka kwenye maktaba zetu.

Ombi letu ni dogo. Rafu moja kwenye kituo cha vijana yenye vitabu vitatu au vinne vya kuanzia, na pakiti chache za karata. Bei yake haifiki ile ya fulana mnazochapisha kila tarehe 20 Juni. Msilete mtaalamu wa siku mbili na vyeti. Leteni vitabu, halafu mtuachie.

Na sisi vijana tujiwekee masharti, ili wazee waone tuko makini. Kila onyesho lianze kwa kusema wazi: hiki ni kiini macho, ni mikono yangu. Tusichezee pesa, hata shilingi mia. Tusimtabirie mtu maisha yake kwa karata, kwa sababu watu wetu wanatafuta habari za waliopotea na watatuamini. Mbinu za wenzetu tusizimwage ovyo, isipokuwa ya pata potea. Hiyo tuifundishe kila mtaa, kila zoni, hadi yule bwana wa boksi akose mteja.

Mwenye kitabu chochote kati ya hivyo aseme yuko wapi, tupange zamu ya kukisoma. Tuanze na sura ya kuchanga.