Moto wa Kariokor na imani ya majirani tusiowauliza

MWILI wa Profesa Wangari Maathai ulipofikishwa Kariokor, Nairobi, mnamo Oktoba 8, 2011, ukiwa katika jeneza la mianzi, mafunjo na magugu-maji, Wakenya wengi walipigwa na butwaa. Mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel, Mkristo na mzaliwa wa Nyeri, alikuwa anateketezwa katika tanuri la Wahindu.

Mjadala uliozuka haukuwa mgeni. Ulikuwa umesikika 2005 alipoteketezwa aliyekuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Kianglikana, Manasses Kuria, miaka mitatu baada ya mkewe. Ulirejea Julai 2019 wakati mwili wa Bob Collymore, aliyekuwa Afisa Mkuu Mtendaji wa Safaricom, ulipoteketezwa papo hapo Kariokor siku moja tu baada ya kifo chake. Kila mara swali huwa lile lile: itakuwaje mtu mwenye jamaa achomwe kama kuni? Na kila mara wenye desturi hiyo hawaulizwi lolote.

Tumeishi nao kwa muda gani? Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka wa 1498 aliwakuta wafanyabiashara kutoka Bara Hindi. Wareno waliwadhania kuwa Wakristo, ingawa waliambiwa kwamba watu hao hawali nyama ya ng'ombe. Makosa ya Wareno yanaeleweka, kwani walikuwa wageni. Ya kwetu hayana udhuru huo. Katika meza ya uhariri nimesahihisha mara nyingi habari zinazotaja "dini ya Kihindi". Mhindi ni mtu mwenye asili ya Bara Hindi, naye aweza kuwa Mwislamu, Kalasinga au Mgoa Mkatoliki. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Wazee wa Pwani walimwita Baniani, na wakamtungia methali ya kiatu ambayo haimsifu sana. Sensa ya 2019 ilihesabu Wahindu 60,287 nchini, na mwaka wa 2017 serikali ilitangaza kwamba Wakenya wenye asili ya Asia ni kabila la 44.

Dini yenyewe ni vigumu kuifunga katika sentensi moja. Haina mwanzilishi mmoja, haina kitabu kimoja kinachoshikwa na wote kwa uzito ule ule, wala haina Papa. Kuna Veda, ambazo ni kongwe kuliko vyote. Kuna Upanishadi, na kuna Bhagavad Gita yenye sura 18. Wapo wanaomwabudu Vishnu, wapo wa Shiva, na wapo wanaomwabudu Mungu kwa sura ya mama. Anayeingia katika hekalu la Swaminarayan lililofunguliwa 1999 katika Barabara ya Forest (ambayo leo, kwa sadfa, ina jina la Profesa Maathai) huona sanamu nyingi, akatoka akisema Wahindu wana miungu mingi. Wahindu wengi watamjibu kuwa hizo ni sura nyingi za Mmoja asiye na umbo, ambaye wanafalsafa wao humwita Brahmani.

Lakini karibu wote wanakubaliana kuhusu jambo moja, nalo ndilo ufunguo wa Kariokor. Ndani ya kila kiumbe mna nafsi, yaani atma, isiyozaliwa wala kufa. Mwili ni makao yake ya muda. Matendo ya mtu, mema na mabaya, huzaa matunda ambayo lazima ayavune. Hiyo ndiyo karma. Asipoyamaliza kuyavuna katika maisha haya, nafsi huzaliwa tena katika mwili mwingine, na mzunguko huo huitwa samsara. Lengo kuu ni moksha, kufunguliwa kutoka katika mzunguko huo.

Ukishika hilo, moto hupata maana nyingine. Maiti iliyohifadhiwa, iliyopakwa dawa na kujengewa kaburi la marumaru, kwa Mhindu ni nyumba ambayo mwenyewe amekwisha kuihama. Nafsi haipaswi kuvutwa nyuma na kile ilichokiacha. Mwili ulitokana na ardhi, maji, moto, hewa na anga, na haufai kucheleweshwa kurudi huko. Ndiyo sababu mazishi hufanywa haraka, mara nyingi siku ile ile au ya pili yake. Sisi tuliozoea wiki mbili za mikutano ya michango tuliuona upesi wa mazishi ya Collymore kama ukosefu wa heshima. Mhindu angeona kinyume chake.

Kabla ya safari, maiti huoshwa na kuvishwa nguo mpya. Maji ya mto Ganga hutiwa mdomoni pamoja na jani la tulasi, aina ya mrehani. Kwa desturi, mwana wa kiume wa kwanza ndiye huuzunguka mwili na kuuwasha moto. Majivu hutiwa mtoni au baharini, na Ganga ndio mto mtukufu kuliko yote. Jamaa hukaa matanga siku kumi hadi 13, wakitoa madonge ya wali kwa ajili ya marehemu. Si kila maiti huchomwa, hata hivyo. Watoto wachanga huzikwa, na vilevile watawa walioukana ulimwengu, kwa kuwa hao huhesabiwa kuwa hawahitaji kutakaswa kwa moto.

Hapa ndipo sisi na wao tunapoachana. Mkristo na Mwislamu wamefundishwa kuwa moto ni adhabu ya wakosaji. Mhindu ameujua moto tangu utotoni kwa jina la Agni, mchukuzi wa sadaka kutoka kwa wanadamu hadi kwa miungu. Bwana na bibi harusi hutembea hatua saba mbele yake, naye ndiye shahidi wa ndoa yao. Taa za Diwali, sikukuu inayotambuliwa na sheria za Kenya kwa waumini hao, ni moto huo huo. Mazishi huitwa sadaka ya mwisho, na mwili wenyewe ndio unaotolewa.

Haifai kuipamba desturi kupita kiasi. Moto huo huo uliwahi kuwameza wajane waliochomwa pamoja na maiti za waume zao, hadi Waingereza walipopiga marufuku jambo hilo Bengal mwaka wa 1829, baada ya Wahindu wenyewe, akiwemo Ram Mohan Roy, kulipigania. Kule Varanasi, watunzaji wa moto wa mazishi ni watu wa tabaka la Dom, ambao kwa karne nyingi waliitwa wasiogusika, hata ingawa hakuna Brahmin awezaye kuteketezwa hapo bila moto wao. Katiba ya India ilifuta hali hiyo 1950. Mioyo imekuwa mizito zaidi. Lakini mambo husogea: mwaka wa 2018, aliyekuwa Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee aliwashiwa moto na binti yake wa kulea.

Huku kwetu mjadala umeegemea ardhi. Makaburi ya Lang'ata yalitangazwa kujaa 1996, na watu wakaendelea kuzikwa humo. Kati ya 2008 na 2009, Baraza la Jiji lilinunua ekari 120 za makaburi huko Mavoko kwa Sh283 milioni. Ikabainika kuwa thamani yake ni takriban Sh24 milioni, na tena ni mwamba usiochimbika. Baada ya kashfa kama hiyo, anayechagua tanuri kwa ajili ya uhaba wa nafasi ana hoja nzito. Hata hivyo, hoja hiyo haitamtuliza Mluo aliyeona mwili wa wakili S.M. Otieno ukipiganiwa kortini kwa miezi kadhaa hadi ulipozikwa Nyalgunga Mei 1987. Kwake, kaburi ndilo linalomfunga marehemu na nyumbani. Mhindu huwasha moto ili kifungo kama hicho kikatike, na huko ndiko kumpenda marehemu kwake.

Kariokor yenyewe ilipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Walikufa kwa maelfu, na wengi wao hawakupata kaburi lenye jina wala moto.