Kuingiza na Kutoa: Tendo Moja au Makosa Mawili?

Wengi wetu huamini kwamba mtu hahukumiwi mara mbili kwa kosa moja. Imani hiyo ni sahihi nusu tu. Kanuni hii kwa kawaida huzifunga mahakama za nchi moja. Mshtakiwa akivuka mpaka, aghalabu hujikuta hana ngao. Hata Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, kifungu cha 14(7), umefasiriwa na Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa kuwa unahusu hukumu za nchi moja.

Ulaya iliuziba mwanya huo. Kifungu cha 54 cha mkataba wa mwaka 1990 wa kutekeleza Makubaliano ya Schengen kinakataza aliyekwisha kuhukumiwa katika nchi moja mwanachama asishtakiwe katika nyingine kwa matendo yale yale, mradi adhabu, ikiwapo, imetekelezwa, inatekelezwa, au haiwezi tena kutekelezwa.

Tazama neno lililoteuliwa: ‘matendo’, si ‘makosa’. Sisi wanaisimu hulaumiwa kwa kuchambua maneno kama mchele, lakini mwaka 2006 neno hilo lilibeba hatima ya mtu. Mbelgiji mmoja alikuwa amefungwa Norway kwa kuingiza dawa za kulevya. Aliporejeshwa Ubelgiji alishtakiwa kwa kuzitoa dawa zizo hizo nchini humo. Katika vitabu vya sheria, hayo ni makosa mawili. Mahakama ya Haki ya Ulaya ililishikilia neno la mkataba: kipimo ni mambo yaliyotendeka na jinsi yalivyofungamana, wala si jina ambalo kila nchi imeyapa. Safari moja ya mzigo mmoja, kimsingi, ni tendo moja.

Mwaka 2003 mahakama hiyo ilikuwa imekwenda mbali zaidi, iliposema kwamba hata mapatano baina ya mshtakiwa na mwendesha mashtaka, pasipo hakimu, huzifunga mahakama za nchi nyingine, kwa kuwa nchi wanachama hazina budi kuaminiana. Hapo nina shaka kidogo. Mapatano ya ofisini si hukumu iliyotolewa hadharani.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 50(2)(o), inataja kosa na tendo pia, ila haisemi hukumu iwe ya mahakama ya nchi gani. Aliyekwisha kuhukumiwa Uganda kwa mzigo aliouvusha Busia atamjibu nini hakimu wa upande huu?