Tusingoje makato yasimame ndipo tukumbuke chama

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumze na wafanyakazi wenzangu wa umma, yaani walimu, wauguzi, makarani, madereva na wafagiaji wa halmashauri, juu ya mambo yaliyowafika wenzetu wa Marekani. Najua wapo watakaouliza: ya Marekani yanatuhusu nini? Wahenga walikwisha jibu: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Kwanza nieleze jinsi mambo yalivyo kule. Kila jimbo lina gavana wake na bunge lake. Sheria ya taifa ya mwaka 1935 inayolinda vyama vya wafanyakazi iliwahusu watu wa makampuni binafsi, ikawaacha nje watumishi wa serikali. Kwa hiyo haki ya mwalimu au mzoa taka kukaa mezani na mwajiri wake inategemea jimbo analoishi. Bunge la jimbo laweza kuitoa, na bunge hilo hilo laweza kuinyang'anya.

Jimbo la Wisconsin lilikuwa la kwanza kuitoa kwa sheria, mwaka 1959. Tena ni katika mji wake mkuu, Madison, ndiko kilikoanzia mwaka 1932 kile chama kikubwa cha watumishi wa majimbo na serikali za mitaa kiitwacho AFSCME. Basi jimbo hilo hilo, mwaka 2011, Gavana Scott Walker alipeleka muswada uliokuja kujulikana kama Sheria Namba 10. Alisema hazina ya jimbo ilikuwa na pengo la dola bilioni 3.6 kwa miaka miwili, na kwamba watumishi wa umma lazima wachangie zaidi pensheni na bima yao ya afya.

Hapa nataka msomaji atulie kidogo. Viongozi wa vyama walikubali michango hiyo. Walichoomba ni kwamba haki ya kujadiliana isiguswe. Gavana alikataa. Ndipo ilipoonekana wazi kwamba jambo halikuwa fedha peke yake.

Makumi ya maelfu ya watu walifurika kwenye jengo la bunge. Maseneta 14 wa upinzani walihamia jimbo jirani la Illinois ili akidi ya kupitisha muswada wa fedha isitimie. Walio wengi wakayatoa mambo ya fedha, wakapitisha yaliyobaki, na mwezi Machi 2011 gavana akatia sahihi.

Sasa tazameni ndugu zangu jinsi sheria ile ilivyotungwa, kwani hapo ndipo penye somo. Je, ilipiga marufuku vyama? La hasha! Ilifanya mambo madogo madogo. Ilisema chama kijadiliane juu ya mshahara wa msingi tu, na nyongeza isizidi kupanda kwa gharama za maisha mpaka wananchi waidhinishe kwa kura. Ilisema mwajiri asimkate tena mtumishi ada ya chama katika mshahara. Na ilisema kila mwaka chama kipigiwe kura upya, nacho kipate asilimia 51 ya wafanyakazi wote wa sehemu ile, si ya waliopiga kura. Maana yake, penye walimu 100, wakija 40 kusema ndiyo na 5 kusema hapana, wale 55 waliolala nyumbani ndio walioshinda. Asiyefika amehesabiwa kuwa amekataa.

Polisi na zimamoto waliachwa nje ya sheria hiyo. Mwezi Desemba 2024 jaji mmoja wa Wisconsin aliona ubaguzi huo unakiuka katiba ya jimbo, akatengua sehemu kubwa ya sheria, lakini hukumu yake ikasimamishwa kungoja rufaa. Wakati huo miaka 13 ilikwisha pita. Mwaka 2010 wafanyakazi kama 14 katika kila 100 wa jimbo lile walikuwa wanachama wa vyama. Mwaka 2015 walibaki kama 8.

Wengine wakaiga. Florida mwaka 2023 ilikataza makato, na kukitaka chama kiwe na asilimia 60 ya wafanyakazi wanaolipa ada, la sivyo kipigiwe kura upya. Na mwaka 2018 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliamua kwamba mtumishi wa umma asiye mwanachama asilazimishwe kukilipa chama chochote, hata kama chama hicho ndicho kinachomtetea.

Nikiyasoma haya huwakumbuka wazoa taka wa Memphis, mwaka 1968. Wenzao wawili walisagwa na mashine ya gari la taka, nao wapatao 1,300 wakagoma. Madai yao mawili makubwa yalikuwa chama chao kitambuliwe na ada ikatwe kwenye mshahara. Meya alikataa katakata. Dkt. Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono, na ni katika mji huo alikouawa tarehe 4 Aprili. Siku 12 baadaye mapatano yalifikiwa, ada ikawa inapitia chama chao cha akiba na mikopo. Watu wale walijua thamani ya makato, maana waliyagharimia.

Je, sisi tunaijua? Hapa najisema mwenyewe kwanza. Nilikuwa katibu wa tawi la chama cha walimu kwa miaka sita. Tawi lilikuwa na wanachama 43. Nilipoitisha mkutano juu ya madai ya malimbikizo ya mishahara, walifika 9. Mwenzangu mmoja aliyekwisha katwa miaka 11 alinionyesha hati yake ya mshahara akaniuliza, "Mwalimu, hizi hela za chama zinanisaidia nini?" Nilikasirika. Leo naona alikuwa na haki ya kuuliza, na kosa lilikuwa langu mimi niliyekaa miaka sita bila kumweleza.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu makato, na hata asiye mwanachama aweza kukatwa pale chama chenye wafanyakazi wengi kinapokubaliana hivyo na mwajiri. Ni ulinzi mzuri, lakini una usingizi ndani yake. Fedha huja zenyewe kila mwisho wa mwezi, kiongozi haoni haja ya kumtembelea mwanachama, naye mwanachama hukumbuka chama Mei Mosi anapogawiwa fulana na kofia. Chama cha namna hiyo hakihitaji adui mkubwa. Kifungu kimoja cha sheria kinatosha.

Wapo wasemao kwamba serikali ni ya wananchi, hivyo mtumishi akidai anawadai wakulima na wachuuzi walipa kodi. Hoja hii isidharauliwe. Mwaka 2012 wananchi wa Wisconsin waliitishwa kupiga kura ya kumwondoa Gavana Walker, naye akashinda. Wengi walimwona mwalimu kuwa mtu mwenye bima na pensheni ambayo wao hawana. Vyama vilikuwa na mkataba mezani, ila kwa jirani havikuwa na rafiki wa kutosha.

Lakini jimbo la Utah limeonyesha njia nyingine. Februari 2025 gavana alitia sahihi sheria ya kukataza kabisa majadiliano ya pamoja kwa watumishi wa umma. Walimu, polisi, zimamoto na wengineo hawakukubali kutenganishwa. Walipita mlango kwa mlango, wakakusanya sahihi za wapiga kura zaidi ya 250,000 zilizothibitishwa, wakati zilizotakiwa ni kama 141,000. Desemba mwaka huo huo bunge lilelile likaifuta sheria yake. Sahihi hizo hazikukatwa kwenye mshahara wa mtu. Kila moja iliombwa kwa mkono na kutolewa kwa hiari.

Rai yangu basi ni hii. Kila tawi lijiulize: makato yakisimama mwezi ujao, wangapi watakuja kulipa kwa mikono yao? Viongozi wabandike ukutani mapato na matumizi. Mkataba wa hali bora usomwe mkutanoni kabla ya kutiwa sahihi. Na mzazi wa mwanafunzi aelezwe kwamba mwalimu akidai darasa lisilo na watoto 90, anamdaia mtoto wake pia.

Kama jibu la swali langu ni watu 9 kati ya 43, tuanze kazi leo, wakati sheria bado iko upande wetu.

Mwalimu Mstaafu,
Morogoro.