Nguo za Picha ya Jamaa

Siku za Komunyo ya Kwanza, za kipaimara na za yubilei ya ndoa, misa ikiisha tu, jamaa nyingi husimama mbele ya kanisa: baba anamwita huyu, mama anamrudisha yule, na mpiga picha anawasihi wote watulie. Picha ile itakaa nyumbani miaka arobaini, pengine na zaidi. Itatundikwa ukutani karibu na msalaba, na wajukuu watauliza, "Huyu ni nani?" Kwa hiyo akina mama hawakosei wanapouliza siku nyingi mbele: tuvae nguo za rangi gani? Ulizo hili si la upuzi, na juma hili tunataka kulijibu.

Tuseme kwanza neno moja. Kazi ya nguo katika picha ni kuuachia uso nafasi yake. Mtu akitazama picha, na jicho lake likakimbilia shati la baba kabla ya kuona uso wa baba, basi shati lile limekosa kazi yake, hata kama lilinunuliwa kwa bei kubwa.

Tuanze na nyeupe, maana ndiyo inayowasumbua wengi. Mtoto wa Komunyo ya Kwanza huivaa kwa ukumbusho wa vazi lake la ubatizo, wala hatutaki mtu amvue. Lakini angalieni yanayotokea. Chombo cha kupiga picha, hata kile kilichomo ndani ya simu, hupima mwanga unaotoka mahali pote pa picha, kisha hutafuta kiasi cha katikati. Kikiona nguo nyeupe nyingi chini ya jua la adhuhuri, hudhani mwanga umezidi, nacho huupunguza. Nguo zatokea nzuri sana, na nyuso zetu zazama gizani. Kinyume chake, wote wakivaa suti nyeusi, chombo huongeza mwanga, na ngozi zapauka kama zilizopakwa majivu.

Dawa yake ni rahisi. Mtoto mmoja au wawili wavae nyeupe yao, na wengine wanaomzunguka wavae rangi za kiasi: buluu, zambarau iliyokolea, nyekundu ya divai, kijivu. Tena msisimame juani katikati ya mchana, kwani jua la utosini huweka kivuli machoni na chini ya pua. Ingieni kivulini, penye mwembe au kando ya ukuta, mkiuelekea upande ulio wazi. Au ngojeni jua lishuke. Na ikiwa mnapiga kwa simu, gusa kwa kidole uso wa mtu mwenye ngozi nyeusi kuliko wote. Simu nyingi zitapima mwanga hapo, si kwenye gauni.

Wala mtu asidhani kwamba taabu hii yatoka katika ngozi yetu. Ilitoka viwandani. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ya Marekani iliwapelekea wasafishaji wa picha kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, ili walinganishe nayo rangi za picha zote. Kadi hizo ziliitwa "Shirley". Ngozi ya mwanamke yule ikitokea sawasawa, picha ilihesabiwa kuwa njema. Basi katika picha za shule ambamo watoto weupe na weusi walisimama pamoja, mweupe alionekana vema, na mweusi alibaki macho na meno. Waliokuwa wakifanya kazi huko walisimulia baadaye kwamba jambo lililowahimiza sana kutengeneza filamu bora lilikuwa malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa meza na makabati, ambao hawakuweza kuonyesha rangi mbalimbali za hudhurungi katika matangazo yao. Chokoleti ilisikilizwa! Filamu zilizotengenezwa upya zilikuja katika miaka ya 1970 na 1980. Kwa hiyo, mkiwa na picha ya zamani ambamo sura ya babu haionekani vizuri, msiseme babu alikuwa mweusi mno.

Sasa vikwembe. Watu wengine husema kwamba kikwembe chenye maua makubwa huharibu picha. Sisi hatukubali. Huko Bamako, katika nchi ya Mali, Seydou Keïta alifungua studio mwaka 1948, akawapiga watu picha uani kwa mwanga wa jua, bila rangi, nyeupe na nyeusi tu. Nyuma yao alitundika kitambaa. Cha kwanza kilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Akina mama walimjia na nguo pana zenye maua, wakaketi mbele ya kitambaa chenye maua vilevile, na hata leo mtu akizitazama picha zile aona uso kwanza, kwa sababu mwanga ulikuwa mahali pake. Lakini tazameni: mara nyingi walikuwa mtu mmoja au wawili. Watu kumi wenye vikwembe kumi vya namna mbalimbali ni jambo jingine. Hapo ni kama soko.

Basi chagueni kwanza kikwembe cha mama. Kitandazeni nje mchana, mkione rangi zake zote, kisha mchukue humo rangi mbili au tatu za kuwavika wengine: baba shati la buluu ile ya majani, wasichana manjano ile ya katikati ya ua, mvulana kaputula ya kijivu. Si lazima wafanane kama askari. Ila angalieni manjano kali na kijani kali karibu na kidevu, kwani mwanga hugonga nguo na kurudi usoni, na uso wa mtu mzima wa afya waonekana kama wa mgonjwa wa nyongo. Kuhusu vikwembe vyenye sura za watu, kama vile vya ziara ya Baba Mtakatifu Fransisko huko Kinshasa mwaka 2023, tunashauri vivaliwe na wanaosimama. Anayeketi huikunja sura ile, na si adabu.

Na mahali mtakaposimama pana rangi yake. Makanisa mengi ya misioni katika Katanga na Kivu yamejengwa kwa matofali ya kuchoma. Anayevaa nyekundu ya udongo mbele yake atamezwa na ukuta. Katika Katanga, wakati wa kiangazi, tangu Mei mpaka Septemba, majani yamekauka na vumbi ni jekundu. Hapo buluu na kijani hupendeza. Mvua zikija, au mkiwa Bukavu kando ya Ziwa Kivu penye vilima vya kijani, geuzeni: nyekundu, manjano ya kiasi, rangi ya machungwa.

Lakini kuna jambo zito kuliko hayo. Siku hizi jamaa nyingi hushona sare ya kikwembe kimoja. Ni desturi nzuri, lakini ni ghali, na nyumbani mara nyingi pana mtoto wa ndugu aliyefariki, au binti aliyeletwa kutoka kijijini asaidie kazi. Kitambaa hakitoshi, naye ndiye anayekosa. Siku ya picha huambiwa ashike mikoba, au apige picha kwa simu kwa kuwa "yeye anaijua simu". Hukasiriki, hunyamaza tu. Miaka ishirini baadaye yeye ni mtu mzima, huingia nyumba ile, huitazama picha ukutani, na picha humjibu kwamba hakuwa wa jamaa. Kwa hiyo twasema: sare isipotosha watoto wote walio nyumbani, asishone mtu. Ada ya shule isiguswe, wala msikope. Fungueni masanduku, mtafute nguo zilizopo za buluu na kijivu, na kikwembe kidogo mlicho nacho kikatwe: vilemba kwa wasichana, mfuko wa shati kwa wavulana. Picha itatoka nzuri, pengine kupita ile ya sare.

Na bibi aliye katika kilio akivaa nyeusi, msimwombe aibadili. Mpeni kiti katikati, mtoto wa nguo nyeupe asimame upande mwingine, mbali naye kidogo, ili chombo kisivutwe huku na huku. Kilemba chake kikiufunika uso kwa kivuli, kisukumeni nyuma kidogo, kwa ruhusa yake.

Picha ikiisha kupigwa, chapisheni moja kwenye karatasi, kwani simu hupotea na kuvunjika. Andikeni nyuma, kwa kalamu ya risasi isiyopenyeza, mwaka, mahali, na majina ya wote kuanzia kushoto.