Lango la Kanisa Si Mpango wa Serikali

Wakenya watapiga kura Agosti 10, 2027. Siku tatu baadaye itatimia miaka 30 tangu usiku wa Agosti 13, 1997, wavamizi walipoingia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi sita na kutoroka na bunduki zaidi ya 40. Tarehe hizo mbili zikikaribiana hivyo, heri tuseme mapema.

Vijana wale walilishwa kiapo na kufunzwa msituni Kaya Bombo, hapa hapa Kwale. Moto haukukomea Likoni. Ulishuka na barabara ya Lungalunga hadi Ukunda na Diani, vibanda vya wabara vikachomwa, watalii wakafunga mizigo na hoteli zikabaki na wafagiaji. Watu zaidi ya 100 waliuawa na wapatao 100,000 wakayahama makwao. Wengine walivuka feri wakapanda basi kurudi bara. Maelfu hawakuwa na nauli wala pa kurudi, wakaingia uwanja wa Kanisa Katoliki la Likoni.

Parokia haijengwi kwa kazi hiyo. Ina vyoo vya waumini wa Jumapili, bomba la maji moja mawili, na sufuria za harusi na mazishi. Mzigo wa vitu hivyo ukawa ni kubeba kijiji kizima, pamoja na wajawazito, vikongwe na watoto waliopotezana na wazazi. Kanisa halikuuliza nani kabatizwa. Lilifungua lango, na kwa hilo linastahili shukrani ambayo hatudhani limewahi kupewa ipasavyo.

Ila mwenye kusaidia akisifiwa sana, mwenye wajibu hupumua. Ndivyo ilivyokuwa. Tume ya Jaji Akiwumi iliyochunguza ghasia hizo ilisikiliza mashahidi, ripoti ikafichwa hadi 2002, na hakuna mwanasiasa mkubwa aliyefungwa. Waliopoteza makao katika ghasia za 2007 na 2008 walau serikali iliwapa shilingi 10,000 za kuanzia. Wa 1997 walipewa blanketi na wasamaria, basi.

Na kuna jambo ambalo hata kanisa linapaswa kulisikia. Msaada ule uliishia kwenye ua. Nje ya ua kulikuwa na familia za Wadigo, wenyeji wa hapa, zilizokimbia pia, si kwa kuwaogopa wavamizi bali kwa kuwaogopa polisi, ambao walikuwa wakikamata na kupiga vijana ovyo, mwenye hatia na asiye nayo. Hao walilala vichakani au kwa jamaa, hawakuhesabika kambini wala hawakupigwa picha na waandishi wa habari. Mama aliyejificha mihogoni na mwanawe hakuwa na haja ndogo kuliko aliyelala chini ya mnara wa kengele. Viongozi wa dini wa Pwani baadaye waliunda baraza la pamoja, masheikh na maaskofu meza moja, na hiyo ndiyo njia. Siku nyingine msikiti na kanisa vigawe unga kwa orodha moja.

Orodha hiyo, lakini, si kazi ya padri wala imamu. Sheria ya wakimbizi wa ndani ya mwaka 2012 imeipa serikali ya kitaifa wajibu wa kwanza, na kaunti nazo zina sehemu yao. Sheria ya fedha za umma inaruhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura. Hatuombi muujiza. Tunaomba Kaunti ya Kwale iseme wazi, kabla kampeni hazijapamba moto, ni shule na kumbi zipi za Matuga, Msambweni na Lungalunga zitafunguliwa watu wakikimbia, nani ana funguo zake, maji yatatoka wapi, na mgonjwa wa kisukari aliyeacha dawa nyumbani atazipata kwa nani. Mambo ya Kinango yasisahauliwe kwa kuwa yako mbali na lami.

Kuna watakaotwambia tunachuria. Hata 1997 kulikuwa na waliosema Pwani ni shwari, Wadigo ni wapole, haiwezekani.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1, na kabla yake wananchi huitwa kutoa maoni juu ya bajeti. Aghalabu vikao hivyo huhudhuriwa na watu wachache na soda nyingi. Cha safari hii kikiitishwa wadini kwako, nenda. Ongozana na jirani yako, wa pwani au wa bara. Wakimaliza kusoma takwimu za barabara na visima, nyosha mkono uwaulize: watu wakikimbia Agosti, watalala wapi? Wakikujibu "kanisani", usikae chini.