Aendaye ng'ambo asikimbie rehani

Siku hizi si ajabu kusikia katika chumba cha walimu kwamba mwenzetu fulani amepata kazi ng'ambo. Tunampongeza, tunamchangia nauli, tunamsindikiza. Hakuna amwulizaye: nyumba yenye rehani unamwachia nani?

Swali hili lamhusu hasa mwalimu wa Ngaremara. Sehemu kubwa ya ardhi ya hapa ni ya jamii, na mtu mmoja hawezi kuipeleka benki kuwa rehani ya nyumba yake. Atakaye kujenga kwa mkopo hutafuta ploti yenye hatimiliki mjini Isiolo, au huvuka hadi Meru. Deni hukatwa katika mshahara kila mwezi, naye halimsumbui. Siku aachapo kazi, makato hukoma; deni halikomi.

Wengi hutumaini kuwa nyumba itauzwa karibuni. Lakini mnunuzi hukawia, na aonapo muuzaji ana haraka, huteremsha bei. Hapo wengine huondoka kimya, funguo wakimwachia ndugu, na barua za benki zikirundikana katika sanduku la posta lisilofunguliwa.

Sheria ya Ardhi ya 2012 haimsubiri aliye mbali. Malipo yakikosekana kwa mwezi mmoja, benki yaweza kutoa ilani ya angalau miezi 3. Deni lisipolipwa, hufuata ilani ya siku 40 kabla ya kuuza. Ni kweli kwamba benki yatakiwa kutafuta bei bora ipatikanayo, lakini mnadani mwenye nyumba hana sauti. Likibaki deni baada ya mauzo, bado ni lake. Isitoshe, kama alikopa pia katika chama cha akiba na mikopo, waliomdhamini, yaani walimu wenzake waliobaki na chaki mkononi, ndio watakaokatwa.

Rai yangu ni hii. Kwanza, aende benki kabla ya kukata tikiti, aeleze mambo waziwazi na kuomba mpango wa malipo kwa miezi ile ya mwanzo ambapo mshahara wa ugenini haujaingia. Pili, bei aliyopewa ikitosha kufuta deni, auze, hata kama faida ni ndogo. Isipotosha, apangishe kwa idhini ya benki na kwa mkataba wa maandishi, akijua kwamba kodi ikipungua ni yeye atakayejaza pengo. Tatu, amteue mtu mwaminifu kwa hati ya uwakilishi iliyosajiliwa, kwa maana funguo peke yake haziuzi nyumba. Na ikiwa ni nyumba ya ndoa, idhini ya mwenzi wake ipatikane mapema.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Wanafunzi wetu, ambao kesho watakuwa na mikopo yao, na watuone tukiondoka kwa mlango wa mbele.