KASUKU WA KIZIMBA HATARUDISHA KASUKU WA PORI



Siku hizi tunabishana sana juu ya kasuku. Wengine wanasema: «Kasuku hawezi kwisha. Hata wale wa pori wakikamatwa wote, wa jardin zoologique watabaki.» Mimi sikubali.

Kasuku wetu wa rangi ya majivu, mwenye mkia mwekundu, hataki kiota cha majani. Anataga mayai yake ndani ya shimo la mti mkubwa wa zamani, na watoto wanakaa mule karibu miezi 3. Basi, mtu akikata mti ule ili apate watoto 3, hakuchukua watoto 3 tu. Ameharibu nyumba ambamo wengine wangezaliwa miaka mingi. Wakubwa nao wananaswa kwa ulimbo, wakiitwa na mwenzao aliyefungwa juu ya mti. Wengi wanakufa mbele ya kufika soko.

Yule wa kizimba anaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Tunamwona, anatusalimia, tunazani kabila lake liko salama. Kule Afrika ya Kusini watu wanafuga kasuku na wanazaa, ni kweli. Lakini wale ni wa kuuzwa. Hawarudishwi katika pori la Tshopo. Tuangalie Ghana: tangu 1992 kasuku walipunguka kwa asilimia 90 mpaka 99. Pale pia watu walizani ni wengi.

Sheria iko. Inchi yetu iliingia katika mapatano ya CITES mwaka 1976. Mwaka 2016, kule Johannesburg, mataifa yalikata neno kwamba kasuku wa pori asiuzwe tena inchi za ngambo, na neno lile likaanza kutumika 2017. Lakini sheria haipandi juu ya mti kulinda shimo.

Sasa neno gumu. Katika vijiji vyetu kuna baba anayeuza kasuku ili mtoto alipe minervali. Mimi siwezi kumwita mwizi. Masomo ya primeri ni bure tangu 2019, lakini ya sekondari bado tunalipa, na shule ikidai franka, pengine mpunga ungali shambani. Kumfukuza mtoto siku ile ni kumwonyesha baba yake njia ya pori.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Bwana Prefe pamoja na kamati ya wazazi wakubali malipo kisha mavuno, hata kwa mpunga ao mafuta ya mawese. Na sisi wanafunzi tusinunue kasuku, tusionyeshe mtu mti wenye shimo. Wenye kujua miti ile ni sisi watoto wa Bengamisa, si watu wa Kinshasa.

Asiyekubali aandike jibu lake katika namba ijayo. Nitalisoma.

Mkuu wa wanafunzi, mwaka wa 6